Kuhamia Programu Huria Katika Ofisi za Serikali: Mwongozo Kamili kwa Halmashauri na Taasisi za Mwanza

Tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama kutoka Microsoft. Kompyuta ya ofisi iliyonunuliwa kabla ya 2018 kwa kawaida haikubali Windows 11, kwa sababu prosesa yake haimo kwenye orodha inayokubaliwa au haina chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine yenyewe bado nzima: inawaka, inachapa, inafungua MUSE, mfumo wa malipo wa serikali. Lakini kila mwezi unaopita kuna matundu mapya ya usalama yasiyozibwa, na ndani ya mashine hiyo kuna mishahara ya watumishi, faili za ardhi na taarifa za wagonjwa.

Mwongozo huu unawahusu maafisa TEHAMA, wakuu wa vitengo vya ununuzi na wakurugenzi wa halmashauri nane za Mkoa wa Mwanza, pamoja na taasisi za umma zilizo kando ya ziwa: mamlaka za maji, hospitali, vyuo, ofisi za bonde na za uvuvi. Msimamo wetu ni huu: anza na nyaraka, fuata na watu, mfumo endeshi uje mwisho. Na fedha ambayo hutalipa kwenye leseni ihamishie kwenye mafunzo na mafundi, isirudi kwenye kapu la matumizi mengineyo.

Kuna mifano miwili mikubwa inayoonyesha kwa nini mpangilio huo una maana. Gendarmerie ya Ufaransa, yaani polisi wa kijeshi, ilianza na programu ya ofisi ya OpenOffice mwaka 2005, ikafuata kivinjari cha Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird, na ilipofika 2008 ndipo ikaanza kuweka Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Askari walikuwa wameshazoea programu zote kabla Windows haijaondolewa. Jiji la Munich lilipitisha uamuzi mwaka 2003, likahamisha takriban kompyuta 15,000 hadi 2013, kisha mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Teknolojia ilikuwa ileile. Munich vitengo vya TEHAMA vilikuwa vimetawanyika kila idara na lake, na uongozi mpya wa jiji haukuuamini mradi. Mambo hayo mawili, mgawanyiko wa mafundi na kiongozi asiye na imani, yanatosha kuua mradi wowote hata ukiwa na wataalamu wazuri.

Huria maana yake nini kwa ofisi ya umma

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma msimbo chanzo wake, kuubadilisha na kuusambaza. Programu ya kupakua bila malipo lakini msimbo wake umefungwa haimo humu, wala ile ya majaribio ya siku 30. Na nakala ya Windows au Office iliyovunjwa leseni haimo popote: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na zile programu ndogo za kuvunjia leseni ni mlango maarufu wa virusi.

Leseni nne au tano zitakutosha. MIT, BSD na Apache 2.0 zinakuachia ufanye karibu lolote mradi utaje mwenye kazi. GPL inasema ukisambaza nje programu uliyoibadilisha, utoe na msimbo chanzo. AGPL inaongeza kwamba hata wanaoitumia kupitia mtandao wana haki ya kuupata msimbo huo. Kutumia ndani ya ofisi yako bila kusambaza hakukuwekei deni lolote. Hofu ya kwamba "tukitumia Linux itabidi tuweke siri za serikali hadharani" haina msingi: leseni inahusu msimbo wa programu, haigusi data iliyomo.

Tena serikali yetu si ngeni humu. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za vituo vya afya nchini, ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, yenye leseni ya BSD. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Ruhusa kabla ya flashi

Usichomeke flashi ya usakinishaji kabla karatasi hazijakaa sawa. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao, yaani e-GA, na miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma hupelekwa huko ikaguliwe kabla ya kuanza. Halmashauri hupitia pia OR-TAMISEMI. Andiko la mradi lipite kwanza kwenye kamati ya TEHAMA ya taasisi, na liwe na saini ya afisa masuuli. Mkaguzi wa ndani apewe nakala mapema. Akiujua mradi tangu mwanzo hatashangaa kukuta rejista ya leseni imepungua.

Andiko lisizidi kurasa 10: hali ilivyo sasa, idadi ya mashine, hatua na tarehe zake, gharama za miaka mitano, hatari, na nani atawajibika. Gharama za miaka mitano ni muhimu. Ukiandika "leseni shilingi sifuri" peke yake, Bajeti itakupa sifuri, na mwaka wa pili utakosa hata nauli ya fundi kwenda Nansio.

Sensa ya mashine na nyaraka

Tengeneza jedwali moja. Kila kompyuta iwe na mstari wake: namba ya mali, idara, mtumiaji, prosesa kama ni ya biti 64, RAM, aina na ukubwa wa diski, printa na skana zinazoungwa nayo, na programu zote zilizomo. Kisha pita idara kwa idara ukiuliza swali moja: "Faili gani msipoweza kulifungua kesho kazi itasimama?" Majibu ya swali hilo yana thamani kuliko orodha nzima ya mashine.

Utagundua sehemu kubwa ya kazi imeshahamia kwenye kivinjari. MUSE, NeST ya ununuzi, TAUSI ya mapato ya halmashauri, na ESS na PEPMIS za watumishi hufunguliwa kwa kivinjari, kwa hiyo aina ya mfumo endeshi si kikwazo kikubwa kama ilivyokuwa zamani. Bado jaribu kila mmoja kwa Firefox na Chromium, ukiwa na mtumiaji halisi mwenye nywila yake, ukifanya kazi halisi mpaka mwisho: kupakia kiambatisho, kupakua PDF, kuchapa stakabadhi. Kuingia tu na kuona ukurasa wa mwanzo hakuthibitishi kitu.

Vinavyokwamisha hujificha kwingine. Tafuta majedwali ya Excel yenye makro (amri zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe), hifadhidata za Access zenye kiambishi .mdb au .accdb, programu za mashine za alama za vidole za mahudhurio, programu za zamani za uhasibu au za upimaji ardhi. Zigawe mafungu matatu: inayohama bila shida, inayohitaji kutengenezwa upya, na isiyohama. Fungu la tatu lipo katika kila ofisi. Liachie kompyuta zake chache zenye Windows halali inayopata masasisho, usipoteze miezi sita ukipigana na mashine moja ya mahudhurio.

LibreOffice kwanza, ndani ya Windows ileile

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Weka LibreOffice, programu huria inayofanya kazi za Word na Excel, kwenye kompyuta zilizopo bila kugusa Windows. Faili la usakinishaji lina takriban MB 350 na programu huchukua kama GB 1.5 ya diski. Pakua mara moja kutoka tovuti rasmi, hakiki alama ya SHA-256 inayoonyesha kuwa faili halijabadilishwa, kisha ligawe kwa mtandao wa ndani. Acha Microsoft Office ibaki kwa wiki nane za mwanzo.

Mambo ya kupanga kabla mtumishi hajaifungua:

Fonti ndizo zinazovuruga kurasa kuliko kitu kingine. Carlito ina vipimo sawa na Calibri, Caladea na Cambria, Liberation Serif na Times New Roman, Liberation Sans na Arial. Barua iliyoandikwa kwa fonti hizo nne itakaa mstari kwa mstari. Aptos, fonti mpya ya Word, haimo kwenye kundi hilo. Barua ikija kwa Aptos, ukurasa mmoja unaweza kugeuka miwili na saini ya mkurugenzi ikaenda peke yake ukurasa wa pili. Dawa ni kutengeneza violezo vya taasisi, vya barua, dokezo, muhtasari wa kikao na taarifa ya robo mwaka, kwa fonti zenye mbadala, na kuviweka viwe ndivyo vinavyofunguka vyenyewe.

Eneo la lugha likibaki Kiingereza cha Marekani, tarehe 03/07/2026 itasomwa Machi 7 na karatasi itakuwa ya saizi ya Letter badala ya A4. Printa itasimama ikidai karatasi isiyopatikana Mwanza nzima, na mtumishi atasema "LibreOffice haichapi". Nenda menyu ya Tools, Options, halafu Languages and Locales, uchague Swahili (Tanzania) au English (UK). Menyu zenyewe waachie Kiingereza waliozizoea hivyo. Kikaguzi cha tahajia cha Kiswahili kipo na kifanye kazi kwa wote.

Namba ndefu ni mtego wa majedwali yote, Excel na Calc (jedwali la LibreOffice) pamoja: zaidi ya tarakimu 15 hugeuzwa sifuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Unapoingiza faili la CSV, bonyeza safu ya NIDA kwenye dirisha la uingizaji uiweke kuwa Text kabla ya kukubali. Fanya hivyohivyo kwa namba za simu, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Ukigundua baada ya kuhifadhi umechelewa, namba hazirudi.

Makro za Excel hufanya kazi kwa sehemu tu. Zile za kujumlisha na kupanga mara nyingi hupita. Zile zenye fomu za kubonyeza au zinazoita programu nyingine hukwama. Power Query, zana ya Excel ya kuvuta na kusafisha data, haipo kabisa. Kwa jedwali lenye makro inayotegemewa na watu zaidi ya watano, usitafsiri makro: ihamishe kazi hiyo iwe hifadhidata ndogo ya PostgreSQL au MariaDB yenye fomu ya kivinjari. Data ya Access ya .mdb hutolewa kwa zana iitwayo mdbtools, jedwali moja moja, kisha hesabu mistari kabla na baada.

Kuunganisha barua na orodha ya majina, kama bili za maji au hati za madai ya kodi ya pango la ardhi, kuna hatua moja ya ziada: lazima orodha isajiliwe kwanza kama chanzo cha data. Mafunzo yasiyogusa hatua hii huleta simu nyingi kuliko jambo jingine lolote.

Kuhusu miundo ya faili, weka kanuni moja iandikwe kwenye waraka wa ndani. Nyaraka za kazi za ndani zihifadhiwe kwa ODF, ambayo ni kiwango cha kimataifa ISO/IEC 26300. Kinachotoka nje bila kuhitaji kuhaririwa kitoke kwa PDF, na cha kuhifadhiwa miaka mingi masijala kiwe PDF/A. Kinachohaririwa na ofisi mbili, kwa mfano taarifa inayorudi kutoka mkoani, kibaki .docx na kihaririwe na mtu mmoja kila upande. Faili moja likienda na kurudi mara kumi kati ya Word na LibreOffice, namba za aya na majedwali huanza kuchakaa.

Ratiba inayoheshimu mwaka wa fedha

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mei hadi Julai usiguse kompyuta ya mtu yeyote wa fedha, na miezi ya maandalizi ya bajeti waache maafisa mipango wapumue. Dirisha zuri ni Agosti hadi Oktoba. Anza na watu 15 kutoka idara mbili zisizo na makro nyingi, mfano maendeleo ya jamii na kilimo, mifugo na uvuvi. Wape wiki sita. Wakirudi kwenye programu ya zamani zaidi ya watu wawili kwa sababu ya faili lilelile, simama utatue hilo kwanza. Fedha na ununuzi wawe wa mwisho siku zote.

Na mkurugenzi awe miongoni mwa hao 15. Hili tunalisisitiza kwa nguvu. Dokezo likitoka kwa mkurugenzi kwa ODF, idara zote zitajua kufungua ODF ndani ya wiki.

Mfumo endeshi

LibreOffice, Firefox na Thunderbird zikishazoeleka, Linux inakuwa badiliko dogo. Chagua toleo moja tu kwa taasisi nzima. Linux Mint yenye Xfce, sura nyepesi ya skrini, inatosha kwa mashine ya RAM ya GB 4. Kwa GB 2 weka Debian na Xfce, ila ujue vivinjari vya leo vitaitesa. Kuongeza RAM na kubadili diski ya kuzunguka kwa SSD ya GB 240 huipa kompyuta ya zamani miaka kadhaa zaidi, na hiyo ni matumizi bora ya fedha kuliko mashine mpya. Tumia matoleo ya muda mrefu pekee: Ubuntu LTS hupata masasisho miaka mitano, Debian takriban mitatu ya kawaida na miwili ya nyongeza. Andika tarehe ya mwisho ya toleo kwenye kalenda ya taasisi siku ileile unayoliweka.

Usakinishaji wa mashine moja:

1. Nakili faili zote za mtumiaji kwenye diski ya nje, zikiwemo za Desktop na Downloads. Mtumiaji mwenyewe afungue faili tano achague, athibitishe zinafunguka, asaini.
2. Andaa flashi ya GB 8 kwa picha ya usakinishaji iliyohakikiwa SHA-256.
3. Washa kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti, skrini na printa. Kikigoma hapa kitagoma na kesho.
4. Sakinisha ukiwasha usimbaji wa diski nzima. Kompyuta mpakato inayosafiri kwenye vivuko na mabasi ikiibiwa, kinachopotea kiwe chuma tu. Neno la kufungulia la akiba likae kwenye bahasha, ndani ya kabati la masijala ya siri.
5. Eneo liwe Tanzania, saa ya Dar es Salaam, karatasi A4.
6. Mtumishi apewe akaunti isiyo na mamlaka ya usimamizi.
7. Rudisha faili, unganisha printa, chapa ukurasa mmoja wa kiolezo cha taasisi.

Mafundi wawili wanaweza kumaliza mashine 12 kwa siku bila kukimbizana, kwa hiyo ofisi ya kompyuta 120 ni siku 10 za kazi. Usiache mifumo miwili kwenye mashine moja baada ya majaribio: upande usiotumika hausasishwi, na siku ukifunguliwa ndio unaoingiza virusi.

Masasisho yakiachwa kila mashine ijipakulie, mtandao wa ofisi utalemewa. Sasisho la mwezi la MB 300 kwa mashine 120 ni GB 36. Weka apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja ya ndani: kifurushi kitashushwa mara moja na wengine watakichukua hapo. Kila mashine iwe na faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mstari huu, ukiweka anwani ya kompyuta yako:

Acquire::http::Proxy "http://10.0.0.5:3142";

Hifadhi zinazotumia https hazihifadhiwi humo, kwa hiyo tumia anwani za http kwa hifadhi za Debian na Ubuntu. Vifurushi vina saini ya kidijitali inayokaguliwa na mfumo, kwa hiyo usalama haupungui. Simamia mashine zote kwa Ansible, zana ya kutuma maagizo kwa kompyuta nyingi, kutoka kompyuta moja, na viungo vya mifumo ya serikali viweke kwenye Firefox ESR, toleo la muda mrefu, kwa faili la /etc/firefox/policies/policies.json ili kila mtumishi avikute tayari. Hilo pia hupunguza hatari ya mtu kutafuta "NeST login" na kuangukia tovuti ya matapeli.

Printa ni jambo la kukagua kabla ya kununua. Inayokubali viwango vya kawaida vya uchapaji, yaani IPP Everywhere, PostScript au PCL6, kupitia waya wa mtandao haihitaji draiva yoyote ya ajabu. Zinazosumbua ni zile ndogo za USB zinazotegemea lugha ya mtengenezaji peke yake. Zilizopo ziunganishe na kompyuta moja iliyothibitika kuzimudu, izigawie wengine kwa CUPS, mfumo wa uchapaji wa Linux.

Ramani: QGIS kwa ardhi, maji na uvuvi

Idara ya ardhi na mamlaka za maji ndizo zinazofaidika haraka, kwa sababu leseni za programu za ramani ni ghali na QGIS inafanya kazi ileile, iwe kwenye Windows au Linux. Kosa linaloharibu kazi ni moja. Ramani za zamani zipo kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi (namba za mahali), kanda ya UTM 36 Kusini, ambayo kwenye QGIS ni namba EPSG:21036. Simu na GPS hutoa viwianishi vya WGS 84, na kwa kanda hiyohiyo namba ni EPSG:32736. Ukizichanganya bila kugeuza, kila kitu husogea takriban mita 300. Kiwanja cha Kirumba kinaweza kuangukia ziwani. Kabla ya kuweka tabaka lolote jipya, hakiki kwa alama mbili zinazojulikana uwandani. Bukoba, Geita na Musoma wako kanda hiyohiyo ya 36, namba hazibadiliki.

Achana na shapefile, muundo wa zamani wa faili za ramani, kwa kazi mpya. Majina ya safu humo hukatwa kwenye herufi 10, na kazi moja hutawanyika faili nne au tano, likipotea la .dbf kwenye flashi umepoteza maelezo yote. Hifadhi kwa GeoPackage, faili moja. Kwa takwimu za mialo, fomu za ODK Collect, programu ya simu ya kukusanya data, hufanya kazi bila mtandao: mkusanyaji wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) anajaza akiwa kisiwani, zinapakiwa akifika penye mtandao. Kwenye fomu, jina la mwalo lichaguliwe kutoka orodha. Likiandikwa kwa mkono, mwalo mmoja utapata tahajia sita na taarifa ya mwaka haitajumlishika.

Seva, radi na nakala rudufu

Kabla ya kununua seva, ulizia e-GA data itakaa wapi. Si kila data ya serikali inaruhusiwa kukaa chini ya meza ya afisa TEHAMA. Zenye taarifa za watu ziangalie pia kwa macho ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Kwa kushirikisha faili ndani ya ofisi ya watu 120, Nextcloud juu ya Debian na PostgreSQL inahitaji RAM ya GB 16 na diski mbili za TB 4 zilizofungwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. RAID hukuokoa diski moja ikifa, haikuokoi mtu akifuta folda. Nakala rudufu ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa jengo jingine kabisa. Restic au BorgBackup hufanya kazi hiyo kila usiku na kuisimba. Kila robo mwaka chukua folda moja bila kuchagua, irejeshe kwenye mashine tupu, mkuu wa idara husika aifungue. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu.

Ukanda wetu una radi nyingi, hasa usiku. Nyaya za shaba za mtandao zinazopita kati ya jengo na jengo hubeba mshtuko hadi kwenye swichi na kuua kila kilichochomekwa. Tumia faiba kwa kila muunganiko unaotoka nje ya ukuta. Ethi ya jengo ipimwe na fundi umeme, na UPS iwe ya kuizima seva kwa utaratibu betri ikibaki chini ya theluthi. Wadudu wa ziwa hufuata taa: madirisha ya chumba cha seva yawe na wavu na taa izimwe usiku, maana hujaa kwenye feni na mashine huchemka.

Watu, mafunzo na mikataba

Mafunzo ya siku nzima ukumbini hayashiki. Fanya vipindi vitatu vya saa mbili, kila kimoja wiki yake, watu wasiozidi 12, kila mtu na faili zake za kazi. Watu 120 ni makundi 10, yaani saa 60 za mkufunzi. Kila idara itoe mtu mmoja wa kuulizwa kwanza, na jukumu hilo liandikwe kwenye majukumu yake ya mwaka ili ahesabiwe. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuo vya Mwanza wanafaa kukaa dawati la msaada wiki nne za mwanzo, mradi waandike kila tatizo kwenye daftari moja: tarehe, idara, tatizo, dawa. Baada ya mwezi, matatizo matano yaliyojirudia zaidi ndiyo yawe kipindi cha nne.

Unaponunua huduma kupitia NeST, andika mahitaji kwa kazi na viwango, usitaje jina la bidhaa. "Iweze kufungua na kuhifadhi ISO/IEC 26300" ni hitaji halali; jina la kampuni si hitaji. Mzabuni anayekutengenezea mfumo akabidhi msimbo chanzo kwenye hifadhi ya taasisi tangu wiki ya kwanza, si siku ya mwisho. Na malipo ya mwisho, angalau asilimia 20, yategemee sharti moja: mtumishi wako, bila mzabuni kugusa kibodi, ausimamishe mfumo kutoka kwenye msimbo huo kwenye seva tupu kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa. Taasisi nyingi hupokea msimbo usiokusanyika, na hugundua pale mkataba umeshaisha.

Ofisi za visiwani na za kata zihamishwe baada ya makao makuu kutulia kwa miezi mitatu. Peleka diski ya nje yenye hifadhi kamili ya vifurushi, kompyuta moja ya akiba iliyokwisha sakinishwa, na mtu wa kuulizwa aliyefunzwa mjini, maana fundi akikosa kivuko cha Kisorya siku inapotea.

Diski za zamani zinazotolewa kwenye mashine zifutwe kwa programu ya nwipe, mzunguko mmoja kamili kwa diski ya kuzunguka. Kwa SSD tumia amri ya kufuta ya diski yenyewe. Andika namba ya kila diski, tarehe na aliyefuta, kisha ndipo iingie kwenye orodha ya mali za kuondoshwa. Iliyokufa kiasi cha kutofutika itobolewe matundu matatu mbele ya mkaguzi wa ndani.